Shule Isiyotarajia Kitu Haipati Kitu

Serikali ya Uganda ilianzisha mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote mwezi Januari 1997. Mwaka uliotangulia, watoto waliokuwamo katika shule za msingi walikuwa wapatao milioni 3. Mwaka ulioanza mpango walizidi milioni 5. Na ilipofika mwaka 2003 walikuwa wamekwisha kuvuka milioni 7. Majirani zetu walifuata njia hiyo hiyo: Tanzania ilifuta karo ya shule za msingi mwaka 2001, na Kenya ikafuta yake Januari 2003. Hayo ni mafanikio ambayo mtu mwadilifu hawezi kuyabeza, kwani watoto ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo wa kulipa karo walipata nafasi ya kukaa darasani pamoja na watoto wa wenye nacho.

Lakini kuandikishwa si kuhudhuria, na kuhudhuria si kuelimika. Kati ya watoto zaidi ya milioni 2 walioandikwa darasa la kwanza mwaka 1997, waliokutwa darasa la saba mwaka 2003 hawakutimia laki 5. Ni kweli kwamba baadhi yao walikuwa bado wakirudia madarasa ya chini. Lakini wengi walikwisha kuiacha shule kimya kimya, mmoja mmoja, bila kufukuzwa na mtu wala kuulizwa na mtu. Hilo ndilo jambo linalotaka kuchunguzwa. Swali la leo si kwa nini mtoto hakuingia shuleni. Swali ni kwa nini aliingia, akakaa miaka miwili mitatu, kisha akatoweka, na wakubwa wake wasishtuke.

Maelezo haya yanawaelekea hasa wanajeshi na askari polisi, na hayakuwaelekea kwa bahati tu. Kwanza, wengi wao ni wazazi ambao watoto wao husoma katika shule za msingi zilizomo ndani ya kambi au zilizo jirani nazo, na watoto hao huhama kila mara amri ya uhamisho inapotoka. Pili, katika sehemu nyingi za mbali askari ndiye mtumishi wa Serikali aliye karibu zaidi na shule, na pengine ndiye peke yake anayepita mbele yake kila siku. Tatu, kijana anayetaka kuandikishwa jeshini au katika polisi kwa kawaida hudaiwa cheti cha kidato cha nne, na njia ya kukifikia cheti hicho huanzia katika darasa la kwanza. Shule ya msingi iliyolala leo ni upungufu wa askari wenye kusoma ramani, kuandika taarifa na kuandaa ushahidi wa mahakamani kesho.

MNYORORO WA UTORO

Shule iliyodhoofika huwa na sura moja karibu kila mahali. Jumatatu wanafunzi huja nusu. Siku ya gulio huja robo. Msimu wa palizi na wa mavuno madarasa ya juu hubaki na watoto wa kuhesabika kwa vidole. Ubaoni kuna tarehe ya wiki iliyopita. Daftari la mahudhurio lipo, lakini hujazwa siku ya Ijumaa kwa siku zote tano, kwa kalamu moja na kwa mwandiko usiobadilika. Mkaguzi akija hukuta hesabu imenyooka. Akihesabu vichwa hukuta hesabu nyingine.

Desturi yetu ni kumlaumu mtoto na mzazi wake. Mtoto huitwa mtoro, mzazi huitwa mjinga asiyejua thamani ya elimu. Ziko familia zinazostahili lawama hiyo, lakini takwimu haziruhusu tukomee hapo. Katika uchunguzi uliofanywa katika nchi sita mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambapo wachunguzi walifika shuleni bila kutoa taarifa, walimu 27 katika kila 100 wa shule za msingi za Uganda hawakukutwa shuleni. Nchi nyingine zilikuwa Bangladesh, Ekuado, India, Indonesia na Peru, na hakuna hata moja kati yao iliyotuzidi kwa utoro huo. Mwaka 2013 uchunguzi mwingine wa Benki ya Dunia ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya walimu waliopaswa kuwa darasani saa ile hawakuwamo, ingawa wengi wao walikuwamo katika eneo la shule.

Haitakuwa haki kusema kwamba walimu hao wote ni wavivu. Mwalimu asiye na nyumba karibu na shule hutembea kilomita nyingi. Mwingine husafiri hadi mjini kufuatilia mshahara wake au kuuguza. Mwingine, kwa kuwa mshahara hautoshi, ana shamba au duka linalomsubiri. Askari anazielewa shida hizo, kwa sababu naye amezionja. Hata hivyo, sababu ya kukosekana si kitu kimoja na matokeo ya kukosekana, na matokeo yake huanguka juu ya mtoto.

Tazama jinsi mnyororo unavyojifunga. Mwalimu hayupo siku moja. Watoto hucheza uwanjani, hufagia, kisha hurudi nyumbani. Jambo hilo likitokea mara tatu, mama aliyehitaji mtoto wa kumlea mdogo wake huona hakuna hasara kumbakiza nyumbani. Mwalimu anaporudi hukuta watoto 30 mahali pa 90, na wale 30 si wale wa jana. Hawezi kuendelea na somo, kwa kuwa nusu hawakulisikia la kwanza. Hawezi kulirudia, kwa kuwa nusu walilisikia. Basi huandika mazoezi ubaoni, huyaacha yanakiliwe, akaenda kukaa chini ya mwembe. Watoto wanaona. Kesho wanakuja 25. Mwalimu husema, “Nimfundishe nani?” Mzazi naye husema, “Anakwenda kufanya nini?” Kila mmoja ana ushahidi dhidi ya mwenziwe, na kila mmoja anasema kweli.

Njaa huukaza mnyororo huo. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, lakini pia inaweka juu ya mzazi wajibu wa kumlisha mtoto. Pale ambapo wazazi hawakuafikiana kuchangia mahindi na kuni, mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kifungua kinywa hukaa hadi jioni bila kitu tumboni. Mtoto wa namna hiyo, hata akiwapo saa nane mchana, yupo mwili tu.

Kisha likaja janga la korona. Shule zilifungwa mwezi Machi 2020, na madarasa yote hayakufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 wa ngazi zote waliguswa na kufungwa huko, ambako kulikuwa kwa muda mrefu kuliko karibu kote duniani. Wavulana waliingia katika vibarua, machimbo na biashara ndogo ndogo. Wasichana wengi walipata mimba au wakaozwa. Walimu wengine walipata kazi nyingine na hawakurudi. Shule iliyokuwa imara kabla ya 2020 ilitikisika. Iliyokuwa inayumba ilianguka, na zipo ambazo hazijasimama sawasawa hata sasa.

DHANA YA “HAWA HAWAWEZI”

Utoro unaonekana kwa macho. Lakini chini yake liko jambo lisiloonekana, nalo ni matarajio. Katika shule nyingi dhaifu, wakubwa wote, kuanzia mwalimu mkuu hadi mzazi, wamekwisha kukubaliana bila mkutano wowote kwamba watoto wa mahali pale hawawezi. “Hawa ni watoto wa wachungaji.” “Hawa ni watoto wa kambini, watahama tu.” “Hawa ni wa vibandani.” Shule hujiwekea lengo la kuwa na watakaofaulu wawili watatu katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na wakipatikana hushangiliwa kama muujiza. Wale 60 wengine hawaulizwi.

Je, matarajio ya mkubwa yanaweza kweli kubadili uwezo wa mdogo? Swali hilo lilichunguzwa katika shule moja ya msingi ya California, Marekani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1968 na Robert Rosenthal pamoja na Lenore Jacobson, ambaye alikuwa mkuu wa shule. Watoto walipewa mtihani, kisha walimu wakaambiwa kwamba mtihani ule ulionyesha kuwa watoto fulani, kiasi cha mmoja katika kila watano, wangechanua katika mwaka ule. Ukweli ni kwamba majina hayo yalichaguliwa kwa kura. Mwisho wa mwaka, hasa katika madarasa mawili ya chini kabisa, watoto wale waliotarajiwa kuchanua walikuwa wamewapita wenzao. Wataalamu wengine waliupinga uchunguzi huo na kusema kwamba nguvu ya matarajio ilikuzwa kupita kiasi, na ubishi huo haukuisha upesi. Lakini kwamba nguvu hiyo ipo, kubwa au ndogo, wachache wanakana.

Kwa msomaji mwenye sare uko mfano ulio karibu zaidi. Mwaka 1982 Dov Eden na A. B. Shani walichapisha uchunguzi walioufanya katika jeshi la Israel, kwa askari 105 waliokuwa katika kozi ya ukamanda. Wakufunzi waliambiwa kwamba baadhi ya askari hao wana uwezo mkubwa wa kuongoza, wengine wana uwezo wa kawaida, na wengine uwezo wao haujajulikana. Hapa pia mgawanyo ulikuwa wa kura tupu. Kozi ilipokwisha, askari ambao wakufunzi walidhani wana uwezo mkubwa walipata alama za juu zaidi katika mitihani, wakaipenda kozi zaidi, na wakawasifu wakufunzi wao kuwa viongozi bora kuliko walivyowasifu wenzao. Maana yake ni kwamba mkufunzi yule yule alikuwa kiongozi mzuri kwa kuruta aliyemwamini na kiongozi hafifu kwa yule asiyemwamini, na pengine mwenyewe hakujua.

Kila aliyepita chuo cha mafunzo ya kijeshi au cha polisi analifahamu jambo hili bila kulisoma popote. Kuruta ambaye mkufunzi amemkatia tamaa husahihishwa mara chache, huulizwa maswali machache, hupangiwa kazi za jikoni, na mwisho hujiona mwenyewe kuwa mtu wa jikoni. Darasani ni vivyo hivyo. Mwalimu asiyemtarajia mtoto humpa nafasi fupi ya kujibu kisha humrukia mwenzake, humkalisha nyuma, hasahihishi daftari lake, humsifu kwa kazi ambayo ingefaa kurudishwa. Mtoto hujifunza haraka mahali alipowekwa.

Hapa hapana budi kutenganisha mambo mawili. Kumtarajia mtoto makubwa si kumsifu ovyo, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wala si kumpiga. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku na sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016, na hata kabla ya sheria hiyo ilikuwa wazi kwamba fimbo humfanya mtoto aogope kuja, lakini haimfundishi kusoma. Kutarajia ni kumwekea mtoto kazi iliyo juu kidogo ya kipimo chake, kumwonyesha namna ya kuifanya, kuisahihisha siku hiyo hiyo, na kumwambia arudie hadi iwe sawa. Ni kazi ngumu kwa mwalimu kuliko kwa mtoto.

KALAMU ILIYOZIKWA

Hakuna sehemu ya nchi yetu inayolionyesha jambo hili vizuri kuliko Karamoja. Inasimuliwa huko kwamba wakati wa ukoloni kalamu ndiyo iliyoandika majina ya watu waliotakiwa kulipa kodi na ya vijana waliochukuliwa kwenda vitani. Wazee waliiona kalamu kuwa adui, wakaizika na kuilaani. Mwaka 1995 wazee walifanya sherehe ya kuifukua, ili laana iondoke na watoto wasome.

Kalamu ilifukuliwa, lakini shule iliyowasubiri watoto ilikuwa imepangwa kwa ajili ya watu wengine. Kengele ya asubuhi ililia wakati ambapo mtoto wa mfugaji yuko malishoni. Ndipo mwaka 1998, kwa msaada wa shirika la Norway la kuwahudumia watoto, ukaanzishwa katika Moroto na Kotido mpango wa elimu ya msingi uliopangwa kulingana na maisha ya Karamoja. Masomo yalitolewa karibu na manyatta, mapema kabla ya mifugo kutoka na jioni baada ya kurudi, kwa lugha ya nyumbani, na waalimu walikuwa watu wa mahali pale. Maelfu ya watoto ambao kamwe wasingeonekana darasani walijifunza herufi na hesabu. Udhaifu wa mpango ulikuwa kwamba wengi wao hawakuvuka kuingia katika shule za kawaida. Hata hivyo somo lake lilibaki: mtoto aliyedhaniwa kuikataa shule alikuwa ameikataa ratiba.

Wanajeshi na polisi wameijua Karamoja kwa njia nyingine. Kazi ya kukusanya silaha ilianza mwishoni mwa 2001 na kuendelea tena kuanzia 2006. Wizi wa mifugo uliporudi kwa nguvu, mwezi Julai 2021 ikaanzishwa operesheni iliyoitwa Usalama kwa Wote. Wengi wanaosoma ukurasa huu walikuwamo. Walioshiriki wanajua kwamba njia ikiwa na hatari, mtoto wa kwanza kubakizwa nyumbani ni wa shule, na wa kwanza kupelekwa malishoni mahali pa kaka aliyeuawa au aliyekimbia ni huyo huyo. Wanajua pia kwamba chakula cha shule, ambacho kwa miaka mingi kimetolewa na Shirika la Chakula Duniani, ndicho kinachowavuta watoto wengi. Na kwamba pasipokuwa na chakula hicho wako watoto wanaokula machicha ya pombe ya kienyeji asubuhi, au wanaokwenda kuponda mawe ili wapate senti za unga.

Ni rahisi kwa mtu aliyeyaona hayo kusema, “Hawa shule haiwafai.” Huo ndio mwisho hatari wa mawazo. Kijana wa Karamoja asiyemaliza darasa la saba hatapata cheti cha kumwingiza katika jeshi wala polisi, na bunduki pekee ambayo itakuwa tayari kumpokea ni ile tunayojitahidi kuikusanya.

YALIYOJARIBIWA NA MATOKEO YAKE

Dawa gani imeonekana kufaa? Jirani zetu wa Kenya wametoa mafunzo yenye thamani. Katika wilaya ya Busia, ng'ambo tu ya mpaka wetu, watoto wa shule 75 walianza kupewa vidonge vya minyoo mwaka 1998, kwa zamu, shule kundi kwa kundi. Edward Miguel na Michael Kremer, ambaye baadaye mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili, walieleza katika taarifa yao ya mwaka 2004 kwamba utoro ulipungua kwa kiasi cha robo. Kidonge cha bei ndogo kilifanya ambacho hotuba nyingi hazikufanya. Lakini taarifa hiyo ilikuwa na sehemu ya pili ambayo haikutangazwa sana: alama za mitihani hazikupanda. Watoto waliongezeka shuleni. Masomo waliyoyakuta yalikuwa yale yale.

Hilo linatupa kanuni. Mahudhurio peke yake hayatoshi, kama vile kufika gwaridani hakutoshi kumfanya mtu awe askari. Mtoto akishafika, ni lazima akute somo linalomfaa. Na jambo hili pia lilijaribiwa, tena magharibi mwa Kenya hiyo hiyo, kuanzia mwaka 2005, katika shule 121 ambako darasa la kwanza lilikuwa limefurika na mwalimu wa pili akaongezwa. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa mikondo miwili kwa kura. Katika nusu nyingine waligawanywa kwa kipimo cha walichokwisha kujua. Wengi wangedhani kwamba mkondo wa walio nyuma ungezama. Haukuzama. Walio mbele na walio nyuma, wote walijifunza zaidi kuliko wenzao waliochanganywa, kwa sababu mwalimu aliweza kuanza pale watoto walipo. Hapa kwetu watoto hupandishwa darasa kila mwaka wajue wasijue, na mtaala husonga mbele kama gari moshi lisilosimama kituoni. Mwalimu wa darasa la tano mwenye wanafunzi wasioweza kusoma sentensi hana budi kupewa ruhusa, na muda, wa kurudi nyuma kuwachukua.

Mfano wa tatu ni wetu wenyewe, nao ni heshima kwa magazeti. Uchunguzi wa Ritva Reinikka na Jakob Svensson ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 za ruzuku ambazo Serikali kuu ilizitoa kwa ajili ya matumizi ya shule za msingi, wastani wa shilingi 13 tu ndizo zilizofika shuleni. Nyingine zilipotea njiani, wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha katika magazeti kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Ilipofika mwaka 2001, zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zilikuwa zinafika. Mageuzi mengine nayo yalisaidia, lakini fundisho ni dhahiri: kinachohesabiwa mbele ya wote ni vigumu kupotea.

Basi fedha zikihesabiwa ukutani, kwa nini watoto wasihesabiwe? Ubao mmoja mlangoni pa shule, unaoandikwa kila siku saa tatu asubuhi idadi ya wanafunzi waliofika na ya walimu waliofika, hauna gharama ila chaki. Kamati ya shule ikiusoma, mwenyekiti wa kijiji akiusoma, na mzazi anayepita akiusoma, daftari la Ijumaa halitaweza tena kusema uongo.

NAFASI YA ASKARI

Askari anaweza kufanya nini katika hayo? Lipo moja ambalo hapaswi kulifanya. Kwa kuwa sheria inasema elimu ya msingi ni ya lazima, wako viongozi ambao kila mara huomba polisi wafanye msako, wawakusanye watoto sokoni na wawafikishe wazazi mahakamani. Msako hujaza darasa siku mbili. Mtoto aliyeletwa na askari hukuta mwalimu hayupo na uji haupo, na siku ya tatu hujificha mbali zaidi. Nguvu ya dola isitumike kumpeleka mtoto mahali ambapo dola yenyewe haikuandaa kitu.

Yaliyo katika uwezo wake ni haya. Askari mzazi, anapopata uhamisho, na achukue kutoka kwa mwalimu mkuu barua na taarifa ya maendeleo ya mtoto kabla hajafunga mizigo, na ikiwezekana amwache mtoto amalize muhula. Mtoto wa askari anayefika shule mpya katikati ya muhula bila karatasi yoyote huwekwa nyuma ya darasa, na wengi hubaki huko huko. Akifika kituo kipya, na aende shuleni mwenyewe, alifungue daftari la mtoto, aone kama limesahihishwa. Asiyejua kusoma vizuri pia anaweza kuona kama kuna wino mwekundu au hakuna.

Kamanda wa kambi yenye shule asiitazame shule hiyo kama jambo la wanawake wa maofisa na mapadri. Anakagua ghala la silaha, anakagua jiko, anakagua zahanati. Kukagua daftari la mahudhurio mara moja kwa juma kutamchukua dakika kumi. Asimwamrishe mwalimu namna ya kufundisha, kwani darasa lina taaluma yake. Lakini aulize maswali mawili: wangapi wapo leo, na walimu wao wako wapi? Na aulize la tatu kwa askari wake: kwa nini mtoto wa fulani ameonekana kantini saa nne asubuhi akiuza mayai?

Askari polisi anayemkuta mtoto barabarani saa za masomo na amwulize jina, darasa na sababu, kisha ampelekee habari mwalimu mkuu. Mtoto huyo si mhalifu. Lakini pale msichana wa darasa la sita anapotoweka kwa kuwa amepewa mimba au ameozwa, hapo upo uhalifu, na mhalifu ni mtu mzima. Kesi za namna hiyo mara nyingi hufa kituoni kwa sababu familia mbili zimepatana kwa ng'ombe au kwa fedha. Kila jalada linalofungwa hivyo huwafundisha wasichana wote wa kijiji kwamba kiti chao darasani ni cha muda tu.

Na kwa wale walioko Karamoja na mipakani, kulinda njia ya shule ni sehemu ya operesheni. Doria inayopita saa moja asubuhi katika njia wapitayo watoto, na kurudi saa wanapotoka, huwafikisha darasani watoto ambao mikutano ya hadhara haijawafikisha.

Hakuna atakayedai kwamba askari ataiponya shule peke yake. Walimu wanahitaji nyumba na mshahara unaofika kwa wakati. Watoto wanahitaji uji. Wilaya zinahitaji wakaguzi wenye mafuta katika pikipiki zao. Mambo hayo ni ya Serikali na wazazi, nayo yana gharama. Lakini tabia ya kutoshtuka haina gharama kuiacha. Kikosini majina huitwa kila asubuhi, na asiyeitika hutafutwa siku hiyo hiyo, hata kama ni askari wa cheo cha chini kabisa, kwa sababu kikosi kinamtarajia. Shule nayo ina orodha ya majina. Siku ambayo mtoto asiyeitika atatafutwa kwa namna hiyo, na akipatikana akute mwalimu aliyekuwa akimngoja na somo lililo sawa na kipimo chake, ndipo ile hesabu ya milioni 2 kugeuka kuwa laki 5 itakapoanza kukoma.